Chumba Kimoja, Mitaa Kumi na Miwili

Mwalimu alianza kwa lawama. Alisema amesahihisha insha za fasihi kwa zaidi ya miaka 30, na katika zote kipengele kinachoonewa ni kimoja: mandhari. Mwanafunzi atajaza kurasa nne kwa wahusika, nani bapa na nani duara, kisha ataandika mstari mmoja, "Mandhari ya kazi hii ni mjini," atie nukta na kukusanya karatasi. Ndipo akatuita nyumbani kwake Tanga tutazame filamu isiyompa mtu njia ya kuikwepa mandhari: 12 Angry Men ya Sidney Lumet, iliyotoka mwaka 1957. Ina dakika 96. Ukitoa kama dakika tatu za mwanzo na mwisho, zilizobaki zote zimo ndani ya chumba kimoja na maliwato yake.

Tulikuwa wanne: Mwalimu mwenyewe, wakili aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, kijana anayeishi kwa kupiga picha za filamu na tamthilia za televisheni, na mimi niliyeshika kalamu. Kwa ambaye hajaiona, kisa ni hiki. Raia kumi na wawili, wanaume watupu, wanafungiwa katika chumba cha mahakama jijini New York, siku yenye joto kuliko zote za mwaka ule. Kijana wa miaka 18 ameshitakiwa kumuua baba yake kwa kisu. Wakimwona ana hatia, adhabu ni kifo, na jaji amewaambia hana hiari nyingine. Lazima wote wakubaliane. Kura ya kwanza inapigwa: kumi na mmoja wanasema ana hatia, mmoja anasema hapana. Humo chumbani hatuambiwi majina yao. Tunawajua kwa namba za viti.

Swali la Mwalimu lilikuwa fupi: filamu hii inabebwa na watu au inabebwa na chumba?

MPIGA PICHA: Chumba, Mwalimu. Naomba nianze kwa sababu hili unaliona kwa macho kabla hujalisikia kwa masikio. Mwanzoni kamera imewekwa juu ya usawa wa macho ya watu, inawatazama kutoka juu. Katikati imeshuka, iko sawa na macho. Mwishoni iko chini ya macho, na hapo dari inaanza kuingia kwenye picha. Lenzi nazo zinabadilika. Anaanza na lenzi pana, ukuta unakaa mbali na watu. Kadiri muda unavyokwenda anatumia lenzi ndefu zaidi, na lenzi ndefu huusogeza ukuta wa nyuma hadi mgongoni mwa mtu. Hakuna aliyesukuma ukuta hata inchi moja. Lumet aliyaeleza haya mwenyewe katika kitabu chake Making Movies cha mwaka 1995, na aliyeshika kamera alikuwa Boris Kaufman, ambaye tayari alikuwa na Oscar ya On the Waterfront. Mtazamaji hajui lolote kuhusu lenzi. Anajua tu kwamba kifua kinambana.

MWALIMU: Nakubali, tena umelieleza vizuri. Lakini joto lile liliwapata wote sawa, mwanangu. Dari ile iliwashukia wote. Kwa nini basi mmoja anavunjika na mwingine anafunguka? Mtazame Mwamuzi wa Tatu, anayeigizwa na Lee J. Cobb. Ana biashara ya matarishi, anajisifu kwamba alianza bila kitu. Mapema kabisa, kabla joto halijamfanya lolote, anatoa picha ya mwanawe mfukoni. Hawajaonana miaka miwili. Hasira anayoimwaga juu ya mshitakiwa ameingia nayo, kama alivyoingia na koti lake. Chumba hakikumpa. Mandhari ni jiko, lakini jiko halipiki chakula kisichokuwamo chunguni.

WAKILI: Mwalimu, kwa heshima yako, nyote mnazungumza kama kwamba chumba kile kilibuniwa na mtu wa sinema. Kilibuniwa na sheria. Reginald Rose aliyeandika kisa hiki aliwahi kuitwa kuwa mmoja wa waamuzi katika kesi ya kuua mwaka 1954, na huko ndiko alikolipata wazo. Mlinzi anafunga mlango kwa ufunguo, na mmoja wao anashangaa kwamba kumbe hufungwa. Mnaona? Ukiniuliza kipengele muhimu cha mandhari hii, sitakuambia joto. Nitakuambia mlango haufunguliwi mpaka watu kumi na wawili waseme neno moja, au wakiri kwamba wameshindwa.

MWALIMU: Na neno la Kiswahili la watu hao? Nimesoma mahali wanaitwa wazee wa baraza.

WAKILI: Hapana, siwezi kuwaita hivyo, na tofauti hiyo inahusu mjadala wetu moja kwa moja. Kwetu, kesi za mauaji katika Mahakama Kuu kwa miaka mingi zilisikilizwa na jaji akikaa na wazee wa baraza. Walisikiliza ushahidi, wakauliza maswali, wakatoa maoni, na jaji hakufungwa na maoni hayo. Wenzetu wa Kenya waliuondoa utaratibu huo mwaka 2007. Mzee wa baraza husema lake kila mmoja kwa zamu, mbele ya jaji, kisha akarudi nyumbani. Hahitaji kumshawishi mwenzake. Katika filamu hii kushawishiana ndiyo kazi yenyewe. Badilisha sheria tu, uwape uamuzi wa wengi, na filamu inaisha dakika ya kumi na kijana anauawa.

Hapo palikuwa na kimya kidogo. Wakili aliongeza jambo ambalo sisi watatu hatukulitarajia: katika Kenya ya ukoloni jopo la waamuzi raia lilikuwapo, ila liliwekwa kwa ajili ya washitakiwa wa Kizungu. Mwafrika alihukumiwa na jaji na wazee wa baraza. Kuhukumiwa na watu wanaofanana nawe lilikuwa jambo la kupewa au kunyimwa. "Basi niwaulize," alisema, "katika chumba kile cha New York, nani anafanana na yule kijana?"

MWALIMU: Mwamuzi wa Tano.

WAKILI: Yeye tu, na mwanzoni analificha. Wanapozunguka meza kila mtu aeleze sababu zake, anaomba apitwe. Kisha anasikia wenzake wakiwasema watoto wa mitaa ya mabanda kama takataka, na hawezi kuvumilia tena. Anawaambia yeye amekulia huko huko. Jack Klugman anaigiza pale kwa sauti ya chini sana, mtu anayetamani maneno yake yasisikike na wakati huo huo anataka yasikike. Sasa subirini dakika hamsini hivi. Linazuka swali la jeraha: kisu kilishuka kutoka juu kwenda chini, na kijana alikuwa mfupi kuliko baba yake. Mwamuzi wa Tano anakichukua kile kisu cha kukunja, kinachochomoka kwa kubonyeza, anawaonyesha jinsi kinavyoshikwa na watu wanaokijua. Kinatoka kwa chini, kinakwenda juu. Mtu aliyekizoea hapotezi muda kugeuza mkono. Hakuna mwingine mezani aliyeweza kulijua hilo. Mtaa aliouonea aibu ndio uliokuwa na ushahidi.

MPIGA PICHA: Dada, hapo umenisaidia mimi. Mtaa ni mandhari.

MWALIMU: Amenisaidia mimi! Mtaa huo umo ndani ya mtu.

Nadhani hapa ndipo mjadala ulipoacha kuwa wa kuvutana, na ndipo nilipoanza kuona ninachotaka kukitetea katika makala hii. Katika tamthilia ya chumba kilichofungwa hakuna mandhari nyingine ya kuonyeshwa, kwa hiyo watu wenyewe hugeuka mandhari. Kila mmoja wa wale kumi na wawili ameingia na mtaa wake. Msanifu majengo anayeigizwa na Henry Fonda, Mwamuzi wa Nane, yule aliyesema hapana, ameingia na tabia ya kuuliza kitu kimesimamia nini. Muuza bidhaa ameingia na tiketi za besiboli mfukoni, na uwanja wa michezo umekaa kichwani mwake muda wote. Fundi saa, mhamiaji kutoka Ulaya, ameingia na kumbukumbu ya nchi ambako mtu hakupewa nafasi kama hii ya kusikilizwa. Chumba ni kimoja, mitaa ni kumi na miwili, na yote inagombea meza moja.

Nililisema hilo kwa sauti. Mpiga picha alilikataa nusu.

MPIGA PICHA: Kaka, unakisahau chumba tena. Mfikirie Mwamuzi wa Nne, yule wakala wa hisa mwenye miwani. Amekaa na koti lake na tai yake, wenzake wameloa. Wanamuuliza kama yeye hatoki jasho. Anasema hatoki. Sasa Mwamuzi wa Nane anamhoji: juzi usiku ulikuwa wapi, siku iliyotangulia je, ulitazama filamu gani, nani waliigiza? Anakosea jina la filamu ya pili, waigizaji hawakumbuki vizuri. Na jasho linamtoka. Anachukua leso, anajifuta. Niambie, hilo ni joto la chumba au ni la mtu?

MWALIMU: La mtu. Joto lilikuwapo tangu saa ya kwanza na hakulihisi.

MPIGA PICHA: Lakini bila ya joto la saa nzima, jasho hilo lisingekuwa na maana yoyote! Lumet ametuwekea watu kumi na mmoja wenye mashati yaliyogandamana na miili ili tone moja kwenye paji la uso wa mtu wa kumi na mbili lisomeke kama sentensi.

WAKILI: Na sentensi yenyewe inasema nini? Yule kijana alidai alikuwa sinema usiku wa mauaji, na polisi walipomhoji hakukumbuka majina ya filamu. Walimhojia wapi? Jikoni kwao, maiti ya baba yake ikiwa chumba cha pili. Mwamuzi wa Nne ameshindwa kukumbuka akiwa amekaa kitini, hajafiwa, hashutumiwi. Kwa hiyo, kwa sekunde chache tu, chumba cha waamuzi kimekuwa jiko lile. Hilo ndilo ninalotaka kusema tangu mwanzo na mnanikatiza. Chumba tunachokiona si chumba kinachohusika. Kinachohusika ni nyumba ya mauaji, na hatupelekwi huko hata mara moja. Hakuna kumbukumbu zilizoigizwa, hakuna kamera inayopanda ngazi. Mwongozaji mwingine angetuonyesha.

Alisimama. Alipanga viti viwili vya Mwalimu mbele yetu, akatueleza kipande kile kwa kukitembea. Shahidi mmoja ni mzee aliyekaa chini ya nyumba ya marehemu. Alidai alisikia kishindo cha mwili kuanguka, akatoka kitandani, akapita ujia hadi mlangoni, akamwona kijana akikimbia, yote kwa sekunde 15. Lakini mzee huyo anaburuta mguu mmoja. Mwamuzi wa Nane anaomba ramani ya nyumba, mlinzi anaileta. Viti viwili vinakuwa kitanda. Anapima hatua, anaanza kuburuta mguu, na kwa kuwa chumba hakina urefu wa kutosha analazimika kwenda na kurudi. Karani wa benki, yule mpole ambaye mpaka hapo wenzake walikuwa wakimpuuza, anashika saa. Zinapatikana sekunde 41.

WAKILI: Angalieni alivyoburuta mguu. Ameyaazima maungo ya mzee asiyemjua, ndani ya nyumba asiyowahi kuikanyaga, na sote tumeiona nyumba hiyo wakati hakuna nyumba. Nikiwa mahakamani natamani sana kila anayeamua maisha ya mtu afanye hivyo: ainuke, atembee umbali ule kwa miguu yake.

MWALIMU: Ila huyo huyo amevunja sheria yako.

WAKILI: Amevunja, na sitamtetea. Alikwenda kwenye duka la rehani mtaani kwa kijana akanunua kisu kinachofanana na kile cha ushahidi, akakichomeka mezani. Mwamuzi hatakiwi kujifanyia upelelezi. Angepaswa kuamua kwa yaliyoletwa mahakamani tu, na katika kesi halisi jambo hilo lingeweza kuuharibu uamuzi wote. Lakini kwa upande wa tamthilia naelewa kwa nini kipo. Ni kitu pekee kutoka mtaa ule kinachoingia chumbani kupitia mfuko wa mtu. Kila kingine ni maneno.

Mwalimu alitaka kuturudisha kwenye asili ya kazi yenyewe. Kabla ya kuwa filamu, alisema, ilikuwa mchezo wa televisheni uliorushwa moja kwa moja na CBS tarehe 20 Septemba 1954, na waigizaji wawili wa mchezo ule, Joseph Sweeney na George Voskovec, walirudi kuigiza nafasi zao zile zile katika filamu. Huko hakukuwa na dari inayoshuka wala lenzi za Kaufman, na bado mchezo ulisimama. Tangu hapo umechezwa majukwaani mara nyingi mno. Kisha akatoa mfano mzito zaidi: mwaka 2007 Mrusi Nikita Mikhalkov aliitengeneza upya kwa jina 12. Mshitakiwa akawa kijana kutoka Chechnya, na waamuzi wakafungiwa katika ukumbi wa mazoezi wa shule, mpana, wenye dari ya juu. "Chumba kimebadilika kabisa," alisema, "na tamthilia imebaki."

MPIGA PICHA: Haikubaki, Mwalimu! Imebadilika pamoja na chumba. Kwa Mikhalkov watu wana nafasi, basi wanatawanyika, na kila mmoja anapewa muda mrefu wa kusimulia maisha yake kama yuko jukwaani. Kwa Lumet huwezi kusimulia hata dakika mbili kabla hujakatwa, kwa sababu mwenzako yuko sentimita chache kutoka masikioni mwako. Mkumbuke Mwamuzi wa Kumi anapomwaga chuki yake dhidi ya "watu wa aina ile". Wenzake wanainuka mmoja mmoja, wanaiacha meza, wanampa mgongo. Kamera inarudi nyuma taratibu, inamwacha anabwata peke yake, sauti inamkauka. Kuinuka kwenye kiti ni jambo dogo sana katika ukumbi wa mazoezi. Katika chumba kile hakuna pengine pa kwenda, kwa hiyo kumpa mtu mgongo ndiyo adhabu kubwa kuliko zote.

Mwalimu aliinamisha kichwa akifikiri. Alikubali hoja hiyo, akaomba nayo iandikwe.

Hakukubali kuhusu mvua. Kura zinapofikia sita kwa sita, ngurumo zinapiga na mvua inamwagika, na Mwalimu aliona mvua hiyo imefika kwa wakati wake mno, kama mgeni aliyeambiwa aingie mlangoni kwa ishara. Mpiga picha alimwonyesha kitu kilichofuata, nami nakiri sikuwa nimekiona kabla ya siku ile. Chumba kinaingia giza kwa mawingu, wanawasha taa, na feni iliyogoma tangu mchana inaanza kuzunguka. Kumbe imeunganishwa na swichi ya taa. Muda wote huo walikuwa wakiteseka na upepo uko ukutani, na aliyejaribu kuiwasha mwanzoni aliondoka akidhani imeharibika. Hakuna mhusika anayelitolea hotuba. Linapita tu.

Halafu tukafika kwenye miwani. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pande zote mbili za mjadala zinapofungwa fundo moja.

Shahidi wa nguvu zaidi ni mwanamke wa nyumba ya upande wa pili wa reli. Amesema aliona kisu kikishuka, kupitia madirisha ya mabehewa mawili ya mwisho ya treni iliyokuwa ikipita. Mwamuzi wa Nne anaushikilia ushahidi huo. Amechoka, kwa hiyo anavua miwani na kujisugua pembeni mwa pua. Mwamuzi wa Tisa, mzee kuliko wote, anamkazia macho. Anamuuliza kwa nini anajisugua pale. Kwa sababu miwani inaacha alama. Na mzee anakumbuka: mwanamke yule alikuwa na alama hizo hizo puani, ila mahakamani hakuvaa miwani. Nani hulala na miwani? Basi alichokiona kutoka kitandani usiku ule alikionaje?

MWALIMU: Macho ya mzee. Huyo huyo aliyemsoma mzee shahidi tangu mwanzo, akaona koti lake limefumuka mshono begani, akajua kwamba ni mtu ambaye hakuwahi kusikilizwa maishani na labda alitamani asikilizwe mara moja. Mtu mzee hutazama wazee wenzake. Na hutazama wanawake wanaojipamba ili waonekane wadogo kuliko umri wao. Ni tabia ya mhusika, mwanangu.

MPIGA PICHA: Lakini uchovu wa Mwamuzi wa Nne umetoka wapi? Asingekaa saa zote hizo kwenye joto, asingeivua miwani. Na wangekaa mbali mbali, mzee asingeona alama ndogo namna ile.

WAKILI: Na mwanamke mwenyewe hayupo. Sioni mwanamke hata mmoja pale mezani. Ameingia chumbani kwa njia ya alama mbili kwenye pua ya mwanamume.

Nilimwandikia Mwalimu pembeni ya daftari langu, kama alivyokuwa akituandikia zamani kwa wino mwekundu: "Mandhari?" Alicheka kwa furaha, akanirudishia daftari bila kuandika kitu.

Mwisho tuliutazama mara ya pili. Mwamuzi wa Tatu amebaki peke yake, anatupa pochi mezani, picha ya mwanawe inachomoza, anaichana vipande vipande, kisha analia. Wote wanatoka. Mwamuzi wa Nane anarudi, anachukua koti la mtu huyo, anamvalisha. Mpiga picha alitueleza kwamba katika mabishano ya wawili hawa, upande wa Fonda na upande wa Cobb zilipigwa picha kwa kupishana siku saba au nane, kwa sababu taa zilipangwa kwa ukuta mmoja mmoja kuokoa muda na fedha. Kilichoibeba hasira yao ni majuma mawili ya mazoezi kabla kamera haijawashwa. Mwalimu aliipenda habari hiyo kuliko zote za jioni ile: kwamba hata chumba hicho, kinachoonekana kizima machoni petu, kilikuwa vipande, na watu ndio waliokiunga.

Nje, kwenye ngazi za mahakama, mvua imekatika. Lenzi sasa ni pana na pumzi inarudi. Mwamuzi wa Tisa anamwita wa Nane, anamuuliza jina. Davis. Naye anataja lake: McCardle. Wanapeana mikono, wanaachana.

MWALIMU: Dakika zaidi ya tisini bila majina, na chumba kilipowaachia tu, wakawa na majina.

WAKILI: Na yule kijana?

Mpiga picha alirudisha filamu nyuma hadi dakika za mwanzo, waamuzi wanapotoka ukumbini kwenda kujadiliana. Uso wa kijana unajaza picha, macho makubwa, hasemi kitu. Halafu unayeyuka polepole, na chini yake kinatokea chumba kitupu, meza na viti vikisubiri. Kwa muda mfupi uso na chumba vipo pamoja, kimoja juu ya kingine. Wakili alimwomba asimamishe hapo hapo.

"Yeye hawakumpa jina hata nje," alisema. Mwalimu alisogeza kiti karibu na kioo na kuvaa miwani yake.